Maziko ya Thaddeus Pettway

Jumapili mimi ni shemasi, Jumatatu ni mla watu. Ndiyo kazi tuliyopewa. Basi la kampuni ya sinema lilitukusanya asubuhi pale Central Avenue, watu weusi themanini wa Los Angeles tuliovaa suti na viatu vya kung'aa, likatupeleka kwenye msitu wa migomba ya karatasi. Huko tulivuliwa nguo, tukapakwa rangi, tukapewa mikuki na mifupa ya kuchomeka nywelani. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona Afrika.

Sikutarajia kumwona Mama Arvella Pettway humo. Miezi minne nyuma mwanawe, Thaddeus, aliigiza mpagazi, akaingia mtoni na mzigo kichwani. Maji yakamchukua, mwili haukuonekana. Kampuni ilitafuta mpagazi mwingine siku hiyo hiyo. Na kanisani kwetu, sisi tuliotoka Louisiana, maombolezo hayaanzi bila jeneza. Likishawekwa mbele, mama mmoja huguna wimbo usio na maneno, nasi tunamwitikia kwa miguu sakafuni. Arvella aliomba afanyiwe hivyo hivyo bila jeneza, mchungaji akakataa katakata. Nami, shemasi mzima, nilinyamaza. Najuta hadi leo.

Nilimuuliza amefuata nini kwa watu waliommalizia mtoto.

"Nimekuja kuona alikokuwa akishinda," alisema. "Na wewe Cleotis, funika hilo tumbo. Mla watu gani ana kitambi cha keki?"

Siku hiyo mpagazi alitakiwa aanguke kutoka jabalini, sisi tuuzunguke mwili wake tukirukaruka na kucheka. Mwongozaji alituonyesha mwenyewe namna ya kuruka, ulimi nje. Kamera ikawashwa, ngoma zikaanza. Kijana aliyeigiza mpagazi akaangukia godoro, akalala chali, amefumba macho.

Arvella alimtazama. Kisha akapiga magoti, akaanza kuguna.

Nilijua natakiwa kuruka. Ukiharibu picha, huitwi tena. Lakini miguu yangu ilikuwa imeshakosea. Ilipiga ardhi mara moja, ikangoja, ikapiga tena. Jirani yangu akaitikia, na wa nyuma yake. Wapiga ngoma wakaacha ngoma zao. Nililia mpaka rangi ikanitiririka kifuani.

Mwongozaji hakusimamisha kamera. Alifurahi kweli.

"Ushenzi halisi huo," alimwambia mpiga picha. "Usiguse kitu."

Picha ilipofika ukumbi wa sinema wa mtaani kwetu, watu walijazana alasiri kuja kutucheka, kama kawaida. Walinipigia kelele kutoka viti vya nyuma, wakitaka kujua safari hii nimemla nani. Arvella alikaa kando yangu, amevaa glavu nyeusi. Mchungaji alikuwa mstari wa pili, na mkewe.

Mpagazi akaanguka. Uso wa Arvella ukajaa skrini nzima, mifupa nywelani, na mguno ukatoka. Kicheko kikakatika. Kila mtu mle ndani aliujua mguno ule, na aliyeuguna, na aliyekuwa akililiwa.

Mchungaji akasimama. Akavua kofia, akapiga mguu sakafuni, akangoja, akapiga tena. Ukumbi mzima ukamfuata.

Shujaa wa picha alitokea baadaye akapigana na simba. Sidhani kama kuna aliyemtazama.

Arvella alikunja leso yake, akaitia mkobani.

"Sasa amezikwa," alisema. "Nipeleke nyumbani, Cleotis."