Ukurasa wa Mke

Régis Thouvenin alikuwa mtu wa kujisifu, na Jumapili hiyo alipata msikilizaji. Perrine, msichana kutoka chama cha wapenzi wa magari ya Varenne, alifika nyumbani kwake Vierzon baada ya chakula cha mchana ili aandike historia ya Varenne 8, gari la familia ambalo sehemu yake ya nyuma Régis aliichora kwa miaka ishirini na miwili. Mkewe, Mauricette, aliwakatia mkate wa viazi, akamimina kahawa, akaketi kando na koti lake la safari mapajani. Saa kumi alikuwa na treni ya kwenda kwa dada yake mjini Limoges. Miaka nenda miaka rudi alipanda treni, na Régis aliamini kwamba anapenda treni.

"La kwanza lilitoka mwaka sabini na moja," Régis alisema. "Vioo vya nyuma vilishuka mpaka chini. La pili, sabini na tisa, tukavifunga moja kwa moja, visishuke tena. Gari likawa jepesi, kelele zikaisha."

"Na la tatu mkaviacha vilevile," Perrine akasema. "Wanachama wetu wanawalaani mpaka leo. Watoto walikuwa wanatapika."

"Watu hawakosi la kusema. Sisi tulijaribu kwanza kwa familia zetu."

Hapo hakudanganya. Kila Agosti, kiwanda kikifungwa, wahandisi walipewa magari ya majaribio yaliyobandikwa utepe mweusi ili wapiga picha wasiyatambue, wakaenda nayo baharini na wake na watoto, pamoja na fomu ya kurasa tisa. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa mke, aeleze alivyojisikia garini.

Perrine alitoa karatasi mkobani. "Nimezikuta kwenye masanduku ya kiwanda. Bibi, wewe ndiye uliyeamua. Ona, mkuu ameandika pembeni: wake wameridhika, vioo vifungwe. Ulikuwa umekaa wapi?"

"Nyuma, katikati. Mama mkwe mbele, watoto huku na huku." Mauricette alivaa miwani, akasoma. "'Najisikia kama niko kwenye kochi la nyumbani. Hewa inatosha.' Haya nimeyaandika mimi?"

Régis alikumbuka vizuri mno. Alikuwa mkahawani pwani, kalamu mkononi, na Mauricette yuko kwenye bomba la kambi anafua gauni alilotapikia njiani. Wakati ule alijiambia ni joto tu. Lakini moyoni alijua, ila alitaka vioo vyake vipite.

"Fomu ilikuwa inatakiwa Jumatatu," alisema. "Nilikusaidia kujaza."

"Zote mbili? Hata ya gari la tatu?"

Régis aliitikia kwa kichwa.

"Kumbe. Na mimi nikafikiri ni tumbo langu bovu. Niliona haya kusema, gari lenyewe kazi ya mume wangu. Nikaona bora nipande treni, mzee wangu, nisikuharibie furaha."

Perrine aliinamia kikombe chake. Gari lilikufa mwaka tisini na nne kwa kukosa wanunuzi, na tangu hapo Régis aliwalaumu wauzaji, akawalaumu Wajerumani na magari yao. Sasa hilo halikumuuma. Kilichomuuma ni safari zote zile alizoendesha peke yake, kiti cha pembeni kitupu, akijiona mume mwema anayemwachia mkewe treni zake.

Aliinuka, akafungua droo, akatoa fomu tupu aliyoitunza kama kumbukumbu. "Kaa kidogo. Safari hii nitakuuliza mwenyewe. Au twende Limoges kwa gari, nishushe vioo vyote."

"Treni ni saa kumi, Régis." Mauricette alivaa koti, akambusu shavuni kama kawaida yake. "Jaza tu. Umeshazoea kunijazia."

Perrine alimbebea begi, wakatoka pamoja. Régis alibaki mezani na kalamu. Swali la kwanza kwenye ukurasa wa mke liliuliza kama bibi angependa kusafiri tena katika gari hili. Kwa mara ya kwanza alilijua jibu la mkewe, akaandika hapana.