Viatu vya Daktari

Mimi ni fundi cherehani, na mtu akiniambia mashine inafanya kazi yenyewe, naficha vidole. Niliwahi kuuziwa moja ya namna hiyo. Kovu ninalo mpaka leo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Basi daktari aliposema uvimbe ulioota kwenye shina la ulimi wa mume wangu utatolewa kwa roboti, nilikunja uso. Mume wangu hutangaza mpira redioni. Ulimi ndio jembe lake.

"Mikono yake myembamba, inapita mdomoni," daktari alisema. "Hatutapasua taya."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Nitakaa pembeni, hatua chache tu."

Pembeni! Mgonjwa kalala mdomo wazi, mwenye kazi kakaa pembeni kama aliyekuja kutazama harusi.

Mume wangu akanisukumia fomu. "Mama watoto, usipokubali wewe, sisaini."

"Nionyeshe hiyo mashine," nikamwambia daktari.

Akanipeleka chumba cha mazoezi. Palikuwa na kiti, kioo cha kuchungulia, vishikio viwili na, chini, safu ya pedali. Nilitafuta kasoro kila pembe. Ndipo daktari akavua viatu, akavisogeza kando, akakaa na soksi.

"Mbona unavua?"

"Nikivaa viatu siisikii pedali, mama. Nikikosea, nitakata pale nilipotaka kuzuia damu."

Miaka ishirini na sita nashona peku kwa sababu hiyohiyo, na wateja hunicheka.

Akachezesha vidole, upande wa pili wa chumba vikoleo viwili kwenye mikono ya roboti vikaokota pete ya mpira. Akaondoa uso kwenye kioo, vikaganda.

"Haifanyi kitu yenyewe?"

"Nikiiacha, imelala."

Nilirudi nikamwambia mume wangu asaini. Kuamini sikuamini; nilikuwa nimeiona miguu ya daktari tu. Hata asubuhi ya upasuaji nilimsimamisha mlangoni, nikamkagua soksi zisiwe na tundu. Alicheka. Mimi sikucheka.

Siku mbili mume wangu alikatazwa kusema, akawa anaandika kwenye daftari. Kila alipokohoa nilimlaani yule daktari kimoyomoyo. Siku ya tatu akaruhusiwa. Akaweka kalamu chini, akanitazama, sauti ikatoka ya kukwaruza, lakini yake.

"Bado unamshuku daktari wangu?"

"Bado," nikasema, machozi yananitiririka. "Sema tena."