Rafiki Chini ya Leso

Zeddy Jerop aliliona geti kabla ya kuwaona wenyeji, na hiyo ndiyo taabu ya kuishi kwa kupaka mageti rangi: huwezi tena kwenda kwa watu kama mgeni wa kawaida. Geti la Tata Rahab, shangazi wa bibi arusi, lilikuwa limeliwa na kutu kuanzia chini. Ziwa lilipofurika mtaa huo wa Kihoto, maji yalikaa hapo getini wiki nyingi, na yaliporudi nyuma yakaacha chuma kinameguka kama biskuti.

"Hii inataka msasa ya nguvu," alimnong'oneza Jamleck. "Na hizo bawaba zote zitoke."

"Leo nimekuja kuoa, Zeddy," Jamleck akamjibu, akinyoosha tai. "Kazi ni Jumatatu."

Jamleck Waithaka huchomelea, Zeddy hupaka rangi. Karakana yao iko Bondeni, mjini Nakuru, na kwa miaka yote waliyofanya kazi pamoja, wenye midomo wamesema yote ya kusemwa. Kwamba ni bwana na bibi. Kwamba kuna mtoto amefichwa Olenguruone, kwao Zeddy. Ukweli ni kwamba hawakuwahi kutamaniana hata siku moja. Walijaribu kuliwaza jambo hilo mara moja, wakacheka mpaka Jamleck akaunguza glavu.

Lakini mama yake Zeddy alipofariki, Jamleck alifunga karakana akapanda Olenguruone, akachimba kaburi na ndugu za Zeddy katika baridi ile ya Mau, akabaki hata baada ya waombolezaji kwisha. Na mwaka ule pombe ilipomteka Jamleck hata asiujue mlango wake mwenyewe, Zeddy ndiye aliyekuwa akiugonga mlango huo kila asubuhi, na chai mkononi na matusi mdomoni, mpaka mtu akarudi kuwa mtu. Baadaye Wamuyu alikuja kuagiza mlango wa saluni yake, Jamleck akashikwa na kigugumizi, na Zeddy akamwambia ukweli: huyu ukimpoteza kwa ujinga, mimi na wewe tutakosana.

Ndiyo maana siku hiyo ya ruracio, siku ya kupeleka mahari na kukubaliwa rasmi, Zeddy alikuwa na furaha kuliko bwana arusi mwenyewe. Furaha hiyo ilidumu mpaka alipoitwa nyuma ya jikoni.

Aliyemwita ni Tata Rahab, shangazi aliyemlea Wamuyu tangu wazazi wake wafariki. Alikuwa na mwiko mkononi, mukimo wa viazi na mahindi umeganda kwenye ncha.

"Wewe ni mtu mzuri, sina ubaya na wewe," alianza, na Zeddy akajua kwamba ubaya unakuja. "Lakini mwanaume na mwanamke hawana urafiki. Hiyo ni jina ya kufunikia mambo. Mzee wangu pia alikuwa na rafiki. Leo huyo rafiki ana boma yake, na watoto wenye pua ya mzee wangu."

"Tata, mimi na Jamleck..."

"Ngoja nimalize. Wamuyu hataingia kwa nyumba yenye iko na mwanamke mwingine mlangoni. Kama unampenda huyo kijana vile unasema, Jumatatu usirudi hiyo karakana. Na usimwambie ni mimi. Nataka neno lako saa hii."

Zeddy amewahi kugombana na askari wa kaunti akashinda. Amewahi kumnyang'anya mlevi nyundo. Lakini huyu mama hakuwa na hasira, alikuwa na kidonda cha zamani, na siku ilikuwa ya Wamuyu. Utabisha vipi katika nyumba ya watu, siku ya furaha yao? Akasema, "Sawa, tata." Maneno mawili tu.

Hakupata hata nafasi ya kujifuta macho. Wasichana walikuwa wakifunikwa leso ili bwana arusi amtambue mkewe, na mmoja wao, binamu aitwaye Jackie, alikuwa bado yuko njiani.

"Mchukueni huyu," Tata Rahab akasema. "Urefu wake ni wa Wamuyu kabisa." Alimtazama Zeddy usoni alipolisema hilo. Zeddy akaelewa: huyu mama anataka kuona mkono wa Jamleck utaangukia wapi.

Chini ya leso kulikuwa na giza lenye harufu ya nguo mpya. Nje, akina mama waliimba na kupiga vigelegele. Mshereheshaji, kijana aliyeitwa Joash, alikuwa akitangaza sheria kwa kipaza sauti: yule utakayemgusa ndiye utakayemfunua. Ukimkosa bibi yako, faini ni mbuzi. Na wazee wakiamua umewadharau, mtarudi kwenu mjipange mje siku nyingine.

Zeddy alisimama wima kama walivyoagizwa, akajaribu kutowaza Jumatatu. Akashindwa. Nani atamwambia Jamleck kwamba bawaba imekaa upande? Nani atamcheka? Machozi yakaanza kushuka, na hakuweza hata kuinua mkono kuyafuta.

Mwisho wa mstari mtu alikohoa. Ni Wamuyu, akimpenyezea mume wake jibu kama wafanyavyo maharusi wote. Akakohoa tena. Viatu vipya vya Jamleck vikasikika vikilia, vikampita msichana wa kwanza, vikampita wa pili, vikampita Zeddy, vikielekea moja kwa moja kunakotoka kikohozi.

Kisha vikasimama. Vikarudi.

Mkono ukatua kichwani mwake, na leso ikaondolewa. Wimbo ukakatika katikati ya mstari.

"Zeddy," Jamleck alisema polepole. "Nani amekufanya ulie?"

"Si niliwaambia?" Tata Rahab aliwageukia wenzake, lakini sauti yake haikuwa na ushindi wowote.

Mzee mmoja alikohoa. "Kijana, hapo umekosea."

"Sijakosea, mzee. Bibi yangu ni yule wa mwisho, karibu apasuke kifua akiniita. Mbuzi nitaleta, hata mukisema wawili. Lakini huyu analia. Siwezi kumpita."

"Na umejuaje analia, na amefunikwa kama gunia ya viazi?" Joash akauliza, kipaza sauti bado mdomoni, uwanja mzima ukasikia.

"Akilia, bega la kulia linapanda. Nililiona tukizika mamake."

Watu wote walikuwa wakimtazama Zeddy. Angeweza kusema ni moshi wa jikoni, na mambo yangepita. Alikuwa ametoa neno lake. Akamtazama Jamleck, huyu mtu aliyekuwa tayari kurudishwa nyumbani bila mke kwa sababu ya bega, akaona kwamba neno lile halikuwa lake kulitoa.

"Nimeambiwa Jumatatu nisirudi kazini," alisema. "Nikakubali. Nimekosea kukubali. Huyu ni rafiki yangu, si kitu kingine, na siendi mahali."

Leso ya mwisho ikavutwa na mwenyewe, jambo asilolifanya bibi arusi yeyote. Wamuyu akatokea, nywele zimevurugika, macho makali.

"Nani amesema hivyo?"

"Ni mimi," Tata Rahab akajibu, mwiko ukiwa bado mkononi. "Nilitaka kukukinga, mtoto wangu. Usipitie yenye nilipitia."

Wamuyu alimkaribia, akamshika ule mkono wenye mwiko. "Tata, mwanaume akiweza kumpita rafiki yake akilia ndio anifikie mimi, huyo ni mume gani? Siku yangu ya kulia, atanipita akienda wapi?"

Yule mzee ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha tumbo, akigonga fimbo chini, kisha akina mama wakaudaka wimbo pale ulipokatikia, na vigelegele vikapanda mpaka majirani wakatoka kuangalia. Joash alitaka mchezo urudiwe. Wamuyu akakataa kufunikwa tena, akasema aliyemtafuta ameshampata, na akasimama kati ya Jamleck na Zeddy, amewashika wote wawili mikono. Zeddy alilia tena, waziwazi sasa, mabega yote mawili, wala hakuona aibu.

"Nusu ya huyo mbuzi ni yangu," alimwambia Jamleck alipopata sauti.

"Nusu? Wewe ndiye umeniponza. Utalipa kichwa na miguu."

Wakati wa kula, Tata Rahab alikuja mwenyewe na sahani. Nyama iliyokuwa juu ilikuwa ya kupewa mkwe. Akamwekea Zeddy mapajani, akaketi kando yake, akaangalia kule nje.

"Umeona geti yangu?" aliuliza.

"Nimeiona, tata."

"Inatengenezeka?"

"Inatengenezeka. Chini ndio imeoza, juu iko na nguvu."

Mama akatikisa kichwa kukubali. "Basi mkuje Jumatatu," alisema. "Mkuje wote wawili."