Ngeli ya Chembe

Asubuhi, ofisini Morogoro mjini, Jesca alitoa kitambaa kilichofunika kompyuta, akapuliza vumbi kwenye vitufe, akaendesha mfano wa taa. Taa yenyewe, bomba la shaba lisilo na hewa ndani, ilikuwa mlimani juu ya Kinole, kwenye mtambo wa mawimbi ya redio uliokuwa mali ya umma kabla haujauzwa. Kwenye kioo cha kompyuta, chembe za umeme zilishuka ndani ya bomba kama nukta za kijani. Zilizofika mwisho zilisukuma mawimbi. Zilizogonga ukuta ziligeuka joto, hasara tupu.

Katika mapendekezo yake kwa kampuni iliyoununua mtambo, Jesca aliandika: "Wanaopotea njiani wapunguzwe." Alitaka kuandika zinazopotea, zipunguzwe. Ngeli iliteleza, basi. Lakini miaka ile neno kupunguzwa lilikuwa na maana moja tu, na meneja Rogers hakuwa mtu wa kusoma jambo mara mbili. Jumatatu wahudumu wote wa mtambo wakaachishwa kazi. Mmoja wao alikuwa Yeremia, aliyetunza pampu ya maji ya kupozea taa. Ni mjomba wake Jesca, aliyemlea, na kwa Waluguru mjomba si mtu wa pembeni.

Yeremia hakufika nyumbani. Jumanne alikuwa ndani ya kioo, mdogo kama punje ya ulezi, akikimbia bombani na wenzake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Humu joto, mwanangu."

Jesca akamwita Rogers.

"Bosi, nilikosea ngeli. Nilisema chembe, sikusema watu. Warudishe."

Rogers aliinama akatazama. "Huyu si Yeremia? Kumbe kazi anaiweza." Akaangalia ufanisi wa taa, umepanda, akatabasamu. "Humo haumwi, haombi likizo. Nimrudishe wapi? Wewe sahihisha ngeli tu, dada."

Jesca alitamani kumtwanga kwa kibao cha vitufe. Mwizi wa kuku Morogoro hupigwa mawe sokoni; huyu kaiba watu wazima mchana kweupe, na wakubwa wake wa Dar wakampa gari. Ila Jesca akifukuzwa, nani atamwashia mjomba kompyuta? Akasahihisha, machozi ya ghadhabu yakidondokea vitufe. Tangu hapo karatasi zote za kampuni, zikiwataja watu wa bombani, zikasema zimefika, zimechoka, zipunguzwe.

Yustina, mke wa Yeremia, aliteremka kutoka Kinole na sufuria ya magimbi, akaitua mbele ya kioo. Hakushangaa. Alikuwa na hasira, na mwenye hasira hana muda wa kushangaa.

"Eti mwanangu, wamekula humo?"

"Hazijala," akajibu Jesca. Ulimi ulikuwa umeshazoea.

"Hatujala," akasema Yeremia kutoka bombani, akaendelea kukimbia.