Trei Moja Mpaka Rejaf

Elkana alikuwa amebeba mayai kwa pikipiki kwa miaka kumi na tisa, tisa Webuye na kumi Juba, na katika miaka hiyo yote alianguka mara moja tu. Mara hiyo moja ilikuwa wiki iliyopita, kwenye barabara ya Gurei, akiwa na trei kumi na mbili. Lami ikageuka njano. Mbwa wakaja na ndugu zao.

Tajiri wake, Mohamedamin, Msomali wa Garissa mwenye duka la jumla pale Malakia, hakugomba. Aliuliza tu, "Ilikuwaje?"

"Kulikuwa na oili barabarani, Haji."

Mohamedamin akaitikia kwa kichwa, akaenda kuswali. Lakini Jumatatu asubuhi aliuondoa ufunguo wa pikipiki kwenye msumari wake, akautia mfukoni.

"Una miaka mingapi sasa, Elkana?"

"Arobaini na saba."

"Stoo inataka mtu mzima. Pikipiki nitampa Majok."

Majok alikuwa mwendesha boda wa stendi iliyo mbele ya duka, dume la miaka thelathini, mrefu kiasi kwamba magoti yake yaligusa usukani. Alikuwa amejilaza juu ya pikipiki yake kama mtu aliye kitandani, lakini masikio yalikuwa dukani.

"Haji, mimi hapana ogopa kitu," alisema bila kuinuka. "Mayai yako inafika Gurei hata chai bado poa."

"Mtu asiyeogopa kitu mimi sipandi nyuma yake," Elkana alisema. "Hata anibebe bure."

"Mzee, wewe iko na maneno mingi, na juzi umepikia mbwa kiamshakinywa."

Stendi nzima ikacheka. Elkana aliwaacha wamalize. Kucheka hakukumuumiza. Kilichomuumiza ni ile stoo: giza, magunia ya unga, panya, na mtu anazeeka humo akisikia pikipiki za wenzake zikipita nje. Alijua kazi moja, na aliijua kuliko mtu yeyote pale.

"Haji," alisema, "yule mteja wa Rejaf anasubiri trei yake. Panda nyuma yangu uishike mwenyewe mapajani. Tukifika na yai limevunjika, hata moja, leo leo naingia stoo na hutanisikia nikilalamika."

Mohamedamin alikuwa mtu wa kilo mia na zaidi, na hakuwahi kupanda pikipiki tangu azaliwe. Aliitazama pikipiki. Aliwatazama watu wa stendi, nao wakamtazama. Akatoa ufunguo mfukoni.

"Lete trei," alisema.

Kabla ya kuwasha, Elkana alitoa kipande cha tyubu kuukuu, akajifunga kwenye kifundo cha mkono wa kulia, akakaza mpaka kikauma.

"Hiyo ni dawa ya waganga?" Mohamedamin aliuliza.

"Ni tyubu, Haji. Shika mayai."

Walitoka mjini polepole. Tajiri alikuwa mzito nyuma, na kila shimo lilimtoa neno la Kisomali. Lakini baada ya dakika kumi pumzi yake ilitulia, akaanza kuuliza maswali kama mtu aliyelipia nauli.

"Unatazama nini muda wote? Kichwa chako hakitulii."

"Natazama abiria."

"Abiria gani? Abiria wako ni mimi."

"Abiria wa magari, Haji. Huku tunaendesha upande wa kulia. Lakini magari mengi yametoka Uganda, na usukani wake uko kulia. Dereva akikwama nyuma ya lori haoni mbele hata kidogo. Macho yake ni yule aliyekaa kushoto. Yeye ndiye humwambia toka, au ngoja. Kwa hiyo mimi simtazami dereva. Namtazama mwenye macho."

"Na kama amelala?"

"Hapo natafuta pa kujiweka."

Lami walikuwa wameiacha nyuma, sasa ilikuwa murram nyekundu na vumbi. Mbele barabara ilipinda, na kwenye kona hiyo Elkana aliona lori la maji la buluu likija taratibu. Nyuma yake kulikuwa na gari jeupe. Kwa sababu ya ile kona aliliona ubavu kwa muda wa kupepesa macho. Usukani kulia. Kushoto, mwanamke mwenye kitambaa cha kijani, paji la uso limelalia kioo, mdomo wazi.

Elkana akapunguza gesi, akaenda kulia mpaka kwenye mchanga, nje kabisa ya barabara, akasimama. Akaweka miguu yote miwili chini.

"Mbona umesimama?" Mohamedamin alisema. "Lori lenyewe liko kule. Elkana, usinifanyie mchezo wa kuigiza hapa juani."

"Subiri kidogo, Haji."

Gari jeupe lilitokeza pua, likarudi. Likatokeza tena, na safari hii halikurudi. Lilitoka lote, likaja upande wao kwa kasi, likapita pale pale ambapo wangekuwa, upepo wake ukawapiga kifuani na changarawe ikalia kwenye rimu. Dereva hakuwa hata amewaona. Mwanamke alikuwa bado amelala.

Vumbi lilikaa muda mrefu. Lilipotulia, Mohamedamin alizungumza kwa sauti ndogo. "Siku ile ya Gurei ilikuwa gari la namna hii?"

"La namna hii hii."

"Na oili?"

Elkana alitazama mbele. Angeweza kuuendeleza ule uongo, ulikuwa bado mzima. Lakini mtu mwenyewe alikuwa ameketi nyuma yake, amemkabidhi roho yake na trei juu.

"Hakukuwa na oili. Niliona gari vizuri, mapema kabisa. Lakini mkono ulikwenda kushoto. Kwetu Kenya mtu akishtuka anakimbilia kushoto, ndiko ukingoni. Huku kushoto ni katikati ya barabara. Miaka kumi niko hapa, na mkono ulipopata hofu ulirudi Webuye. Lori lililokuwa likipitwa lilisimama hatua mbili kutoka kichwani mwangu." Akainua mkono wa kulia. "Ndiyo maana ya tyubu. Mkono unaouma ndio upande wa kukimbilia."

"Nilijua hakukuwa na oili," Mohamedamin alisema. "Nilikwenda kutazama kesho yake. Nilikuwa nangoja useme."

"Nimesema."

"Umesema." Kisha akasema, "Elkana, geuka."

Elkana akageuka. Tajiri alikuwa ameikumbatia trei kifuani kama mtoto mchanga. Ute wa yai ulishuka polepole kwenye shati jeupe, ukapita tumbo, ukaingia mkandani. Mayai matatu yalikuwa yamekwisha.

"Ulisema hata moja," Mohamedamin alisema.

"Nilisema. Lakini pikipiki ilikuwa imesimama, Haji. Mimi nilikuwa nimeshika breki. Uliyekuwa umeshika mayai ni wewe."

Mohamedamin alilitafakari shati lake kwa muda mrefu. "Endesha," alisema. "Mteja atapewa ishirini na saba."

Saa saba mchana walirudi Malakia. Majok aliinuka kwenye pikipiki yake kwa mara ya kwanza siku hiyo, akaangalia lile shati kuanzia kola mpaka mkanda, na meno yote yakaonekana.

"Haji, nini hii? Mzee amekuangusha?"

Mohamedamin alishuka taratibu, miguu ikitafuta ardhi. Akapita stendi nzima bila haraka, akaingia dukani, na ufunguo akautundika kwenye msumari wake wa zamani.

"Kulikuwa na oili barabarani," alisema. "Elkana, pakia za Gurei. Na wewe Majok, mwombe kipande cha tyubu. Ulijifunza pikipiki Eldoret, si ndiyo?"