Mkono wa Kalenda

Bajeti ilitakiwa ifike hazina kabla ofisi hazijafungwa, na kila simu iliyolia asubuhi hiyo ilikuja kuipunguza. Mkurugenzi wa uzazi wa mpango alikuwa amevua koti, kalamu nyekundu mkononi, akikata kama mtu anayepalilia shamba la jirani. Alipofika kwenye ukurasa wa vijiti akasimama.

"Kutoa vijiti. Hiki kifungu umekipata wapi?"

"Nimekiongeza, mkuu," alijibu mchumi wa idara. "Tumewawekea wanawake vijiti vya mkononi vya kuzuia mimba nchi nzima. Vifaa vya kuvitoa hatujawahi kununua."

"Mfadhili analipia kuweka. Ukimwonyesha kutoa, atadhani tumeshindwa." Akapiga mstari. "Ukomo wa bajeti umeshushwa, Kalenda. Tusaidiane."

Pale ofisini hakuna aliyemwita mchumi huyo kwa jina lake. Siku ya uzinduzi wa vijiti mkurugenzi alitaka mtumishi mmoja awe mfano mbele ya kamera. Wenzake wakatazama viatu vyao. Yeye, mgeni kazini, akakunja mkono wa blauzi, akawekewa kijiti. Picha ile ikawa kalenda, na chini yake maneno: Weka leo, toa siku unayotaka. Tangu hapo yeye ni Kalenda, na mhasibu akitaka kumchokoza humwita Mama Kalenda. Zamani alicheka. Sasa ameolewa, anataka mtoto, na hilo neno mama linamchoma.

Kila alipokwenda kukitoa aliambiwa arudi wiki ijayo. Mama mkwe alishaanza kuwaambia majirani kwamba mkwewe anazaa karatasi. Mumewe alikuwa akimtetea. Asubuhi hiyo, akifunga kamba za viatu, mume alisema, "Leo usirudi nacho, mke wangu. Nimechoka kukutetea."

Mchana, wenzake walipokwenda kula, alikwenda zahanati iliyo nyuma ya ofisi.

"Kuweka, hata sasa hivi," muuguzi alisema bila kuinua kichwa. "Kutoa, vifaa hakuna, dada. Wakubwa wanasema hakuna kifungu."

Wino mwekundu wa mstari ule ulikuwa haujakauka vizuri. Akakaa kwenye benchi, wanawake wakasogea kumpa nafasi. Aliyekaa kando yake, fundi cherehani, alikuwa amefunga mkono kitambaa, na kitambaa kilikuwa kinanuka.

"Umefanya nini, shoga?"

"Kuna mtu mtaani kwetu ana wembe. Amechimba, amechimba, hakukipata. Sasa hata mkasi siwezi kushika."

Hapo muuguzi akainua kichwa. Akamtazama Kalenda, akatazama kalenda iliyotundikwa ukutani, akamtazama tena. "Haa! Si wewe huyu?"

Benchi lote likageuka.

"Kumbe ndiye!" alidakia mama mmoja mwenye sauti kavu. "Si wewe uliyetuambia tutatoa siku tunayotaka? Haya, siku ndiyo hii."

"Hata mimi nimekuja kutoa," Kalenda alisema.

"Mganga hajigangi!" Wakacheka, lakini hakuna aliyefurahi.

Muuguzi akamvuta pembeni. "Nina seti moja, nimeificha kwa ajili ya dharura. Wewe ni mwenzetu. Ingia upesi, wasije wakaona."

Mlango ulikuwa wazi. Aliona kitanda, taa, na trei iliyofunikwa. Dakika chache tu, na jioni angemwonyesha mumewe plasta. Aliutaka ule mlango kuliko kitu chochote. Kisha akageuka, akamwona fundi cherehani akiupepea mkono wake kwa kadi ya kliniki.

"Mwingize yule," alisema. Alisema kwa hasira, na sehemu ya hasira hiyo ilikuwa kwa yule mwanamke mwenyewe.

Aliporudi ofisini alifungua bajeti kwenye kompyuta. Fedha za kuchapa kalenda mpya hazikuwa zimeguswa hata kidogo. Akazihamishia zote kwenye kutoa vijiti, akamwita mkurugenzi.

"Kalenda zimekwenda wapi?"

"Kwenye kutoa. Ukomo uko palepale, mkuu. Natoka zahanati sasa hivi. Kuna mwanamke amechimbwa mkono kwa wembe."

Mkurugenzi akavua miwani. Kwa kitambo kidogo alionekana kama mtu mwenye dada. Kisha simu ya hazina ikalia. "Tayari, mheshimiwa, tayari kabisa," alisema, na huku akisema hivyo alikuwa anazirudisha fedha za kalenda kwa kidole kimoja. Akatuma.

"Mwakani tutaliangalia," alisema. "Kesho mpiga picha anakuja. Vaa mikono mifupi, ile picha imechakaa."

"Mama Kalenda, toleo jipya!" mhasibu alitania.

Kalenda akapanda juu ya kiti, akaitungua kalenda ukutani.

"Unaipeleka wapi? Hiyo ni mali ya ofisi."

"Kalenda ni ya ofisi, mkuu. Mkono ni wangu."

Akaichana taratibu kuanzia begani, karatasi ikilia chumba kizima. Tarehe na yale maneno ya chini akamwachia mezani. Halafu akashusha mkono wa blauzi, akafunga kifungo, akaenda nyumbani kumwambia mumewe kwamba kijiti bado kimo.