Skrubu Nne za Upande wa Nyuma

Mzee alipotangaza kwamba sasa anataka umeme wa jua, kifungua mimba wake alidhani masikio yanamdanganya. Miaka tisa alikuwa akimbembeleza. Mwanamke huyo alikuwa ameshapandisha paneli kwenye mapaa ya zahanati, maghala, duka la dawa na nyumba asizoweza kuzihesabu, hata mtaani wakamwita Fundi Dada. Lakini kila alipogusia paa la baba yake, mzee alimkata kauli: "Sitaki vioo juu ya kichwa changu."

Jumapili ile, sahani zikiwa bado mezani, mzee akamnyooshea kidole kitinda mimba wake. "Kazi ataifanya Injinia."

Kijana alikuwa na wiki moja tu tangu arudi kutoka chuoni. Cheti chake kilikuwa kimeshatiwa fremu na kutundikwa juu ya televisheni, mahali ambapo zamani palikaa picha ya harusi ya wazazi wao.

"Na mimi, Baba?" Fundi Dada akauliza.

"Wewe utamshikia ngazi."

"Ngazi nayo kazi," akadakia Shangazi, dada wa mzee, aliyeishi naye tangu mama wa watoto alipofariki. "Ikiteleza, si injinia wala cheti."

Wote wakacheka. Fundi Dada naye akacheka, maana asingecheka wangemwona. Ndani kwa ndani roho ilimchoma kama aliyemeza kaa la moto. Mdogo wake huyo, yeye ndiye aliyemfundisha kukamata koleo. Alimchukua kazini kila likizo, akamwonyesha waya upi chanya na upi hasi, akamfunga mkanda wa usalama kwa mikono yake mwenyewe. Hilo angelivumilia. Lililomkaa kooni ni lile jina. Mwenzake kaitwa Injinia kabla hajafunga hata taa moja. Yeye miaka yote hiyo baba yake alimwita "wewe".

Siku ya kazi ilipofika, alishika ngazi. Alipokezana na mdogo wake reli za alumini na vishikio vyake, akapandisha nyaya, vumbi likimwingia machoni. Paneli zilikuwa sita, na zingekaa upande wa nyuma wa nyumba, unaopata jua tangu asubuhi mpaka jioni.

Drili ina lugha yake. Ikikuta mbao chini ya bati huunguruma, ikashuka polepole, na unga wa mbao ukatoka na harufu yake. Ikikosa mbao hulia kwa sauti nyembamba, kisha ikadumbukia. Safu ya juu yote iliunguruma. Injinia aliposhuka safu ya chini, Fundi Dada akasikia drili inalia na kudumbukia. Akainua kichwa. Tundu la pili, vilevile. La tatu. La nne.

Alijua sababu bila kupanda. Chumba cha nyuma kiliongezwa yeye akiwa na miaka kumi na miwili. Mzee, aliyekuwa mwashi, alikipaua mwenyewe kwa mbao zilizobaki kwenye kazi ya watu, akazipanga zikiachana zaidi kuliko za mbele. Fundi Dada ndiye aliyekuwa akimpa misumari. Injinia hakuwa amezaliwa. Alipima mbele, akaamini nyuma ni kulekule. Na skrubu ikizungushwa kwenye bati tupu nayo hukaza kidogo, ikamlaghai asiye mzoefu.

"Hebu ngoja kidogo..." akaanza.

"Usimsumbue!" mzee akamkatiza kutoka kwenye kiti chake uani. "Mwenzako anapiga hesabu."

Fundi Dada akafunga mdomo. Alikuwa na nafasi ya kuufungua tena: wakati wa kubana paneli, wakati wa kunywa chai, wakati wa kuunganisha betri. Hakuufungua. Jioni taa zikawaka, jirani wakaja kuchungulia, Shangazi akapiga vigelegele. Mzee akamshika Injinia bega akamzungusha uani kama bwana harusi. "Mnaiona kazi ya mwanangu?" Fundi Dada akakusanya spana, akaaga, akaondoka. Alipofika kwake hakukumbuka alipita njia gani.

Moyo wa mwenye kijicho haukosi wakili. Siku za kwanza alijitetea vizuri sana. Nilitaka kusema, nikanyamazishwa. Si ana cheti? Cheti na kisome paa. Hata akajikuta anangojea upepo. Alijitengenezea picha: paneli zimening'inia, mzee kashika kichwa, mtu anatumwa mbio kumwita. Katika picha ile alifika taratibu, bila haraka.

Siku ya kumi upepo ukaja kweli. Yeye alikuwa juu ya paa la ghala akaona kibao cha kinyozi kinang'oka ng'ambo ya barabara, kikaruka, kikajikita kwenye mlango wa duka. Hakumgusa mtu. Lakini ile picha yake ikaongezeka kitu ambacho siku zote hakukiweka: Shangazi. Chini ya zile paneli, kwenye kivuli cha upenu, ndipo yalipokuwa mabeseni yake. Kila asubuhi alikaa pale kwenye kigoda, akifua na kuimba.

Akamwachia mwenzake kazi ya ghala, akaenda nyumbani kwao na drili yake, vipira vya skrubu na gundi ya kuziba matundu. Hakukuta mtu. Injinia alikuwa amempeleka mzee kliniki, na Shangazi alikuwa sokoni. Nafuu, akawaza. Nitatengeneza, nitashuka, hakuna atakayejua. Akazima swichi, akasimamisha ngazi, akapanda.

Alikuwa amefungua vishikio viwili, spana mkononi, aliposikia geti.

"Shuka!"

Mzee alikuwa katikati ya ua, fimbo juu. Nyuma yake Injinia alikuwa amesimama na mfuko wa dawa.

"Baba, ngoja nikueleze..."

"Unieleze nini? Nimekuona tangu ile Jumapili! Unacheka meno tu. Leo kijicho kimekupandisha mpaka juu ya paa langu, uje uharibu kazi ya ndugu yako!"

Ajabu ni kwamba siku hiyo alikuwa amekuja kujenga. Angeweza kusema amekuja kukagua, tena wangemwamini nusu. Lakini alimwona mdogo wake anavyomtazama, kama mtu aliyeumwa na mbwa wa nyumbani, na uongo ukamkwama.

"Skrubu nne za chini hazijashika mbao," akasema. "Nilisikia siku ileile."

Injinia akaweka dawa chini, akapanda. Akashika reli kwa mkono mmoja pale ambapo haikuwa imefunguliwa. Akainyanyua. Ikainuka pamoja na bati, kama kifuniko cha sufuria.

Akaitua polepole. "Ulisikia siku ileile?"

"Tangu tundu la kwanza."

"Ungenitukana basi. Ungeninyang'anya drili." Akatazama chini ya upenu. "Dada, Shangazi anakaa hapo chini kila siku."

"Najua."

"Ulijua!"

Chini, mzee alikuwa ameshusha fimbo. Alitazama paa alilolijenga mwenyewe, pengine akikumbuka mbao zake. "Mmoja hajui, na hakuuliza," akasema. "Mwingine anajua, na akanyamaza. Na mimi nilifunga mdomo wa anayejua." Akaingia ndani.

Walimaliza kazi ile pamoja bila soga. Fundi Dada alimshika mdogo wake mkono, akamgongesha bati kwa vifundo vya vidole mpaka sauti ilipobadilika. "Hapa." Wakasogeza vishikio vyote vinne, wakaziba matundu ya zamani. Drili ikaunguruma.

Injinia mwenyewe ndiye aliyemwambia Shangazi, hakuficha lake wala la dada yake. Shangazi hakugomba. Alibeba mabeseni yake akayahamishia mbele ya nyumba, kwenye jua kali, na hakuyarudisha hata alipoambiwa paneli zimekazwa.

"Skrubu nimesikia zimeshika," alimwambia Fundi Dada. "Wewe ndiye bado sijajua umeshika wapi."

Fundi Dada akawa anakwenda kila Jumamosi. Alimchotea maji, akayaweka, akaondoka bila kukaribishwa. Mdogo wake alianza kumpigia simu kabla ya kila kazi, kwa sauti kavu kidogo, akiuliza habari za mapaa, naye akamjibu yote anayoyajua. Haikuwa rahisi. Mzee bado aliwaambia wageni, "Ile kazi ya Injinia wangu," na kila mara kitu kilimchoma chini ya ubavu. Ila sasa alikijua, hakukipa tena wakili.

Jumamosi ya nne Shangazi alikuwa na shuka nzito. Alihangaika nayo peke yake muda mrefu. Mwisho akamtupia Fundi Dada ncha moja.

"Kamua," akasema.